Badiliko Si Kosa

Mtu akiugua katika familia zetu, swali la kwanza mara nyingi halihusu mdudu wala dawa. Linahusu mtu. Ni nani? Nani amemfanyia hivi, nani alivunja mwiko, damu hii mbaya imeingia kupitia mlango wa nani? Kwa zaidi ya miaka 70 maabara zimekuwa zikijibu swali lingine: ni kitu gani ndani ya mwili kimebadilika, na kikishabadilika kinafanya nini. Majibu hayo ni miongoni mwa kazi bora ambazo akili ya binadamu imezifanya. Lakini ili yafike nyumbani ni lazima yapite katika lugha, na humo njiani jibu la "kitu gani" linaweza kugeuzwa tena kuwa jibu la "nani". Hoja yangu ni hii: sisi wanafunzi wa lugha tuna wajibu wetu katika safari hiyo, na neno la kwanza tunalopaswa kulishughulikia ni neno kosa.

Nitaanza na ugonjwa ambao hapa Kongo kila mtu anaujua kwa herufi mbili, SS. Wenzetu wa Tanzania wameuundia jina zuri, selimundu, yaani seli yenye umbo la mundu. Ugonjwa huu una nafasi ya pekee katika historia ya tiba, kwa sababu ndio wa kwanza kuitwa ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells walichukua hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu, wakaipitisha katika umeme. Hemoglobini ya wagonjwa ilisafiri kwa namna tofauti na ya watu wasio na ugonjwa. Ya wale ambao leo tunawaita AS ilionyesha mchanganyiko wa aina zote mbili. Kwa mara ya kwanza ugonjwa mzima, pamoja na maumivu yake yote, ulifuatiliwa mpaka ukafikishwa kwenye molekuli moja.

Miaka michache baadaye, mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram alionyesha huko Cambridge tofauti yenyewe ilipo. Hemoglobini imejengwa kwa minyororo, na mnyororo mmojawapo una vipande 146 vinavyoitwa asidi amino. Katika ugonjwa wa SS vipande 145 ni vilevile. Kipande cha sita tu ndicho kimebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Nyuma ya badiliko hilo, katika maandishi ya ADN (wasemaji wa Kenya na Tanzania huyaita DNA), ni herufi moja tu iliyobadilika, A ikawa T.

Matokeo yake yanaeleweka bila kusomea kemia. Valini haipendi maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni yake, ile sehemu yenye valini hutafuta mahali pa kujificha, nayo huikuta katika hemoglobini ya jirani. Molekuli hushikamana, zinakuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huivuta seli nyekundu mpaka inapinda na kuwa ngumu. Seli ngumu haipiti vizuri katika mishipa midogo. Damu inakwama, na mtoto anaanza kulia kwa maumivu ya mifupa, ile hali tunayoiita krizi. Tena seli zilizopinda hufa mapema, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya njano.

Mwanafunzi wa lugha haoni ajabu kwamba herufi moja inaweza kuwa na nguvu kiasi hicho. Katika somo letu la fonolojia tulifundishwa kwamba paka na pata vinatofautiana kwa sauti moja tu, na maana inageuka kabisa. Lakini tulifundishwa pia jambo ambalo watu wa biolojia huenda hawakulipata darasani: pata si paka lililokosewa. Ni neno lingine. Hakuna mwalimu anayeweka alama nyekundu chini ya pata kwa kuwa linafanana na paka.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya jinsi badiliko la jeni linavyotajwa mbele ya wagonjwa. Kwa Kifaransa munganga husema "erreur", na kati ya wanasayansi neno hilo limekwisha kupoteza ukali wake. Seli inaponakili ADN yake, herufi isiyofanana na ya mwanzo inaitwa "erreur" kama vile fundi anavyosema msumari umekwenda upande. Hakuna mshtakiwa. Lakini "erreur" ikivuka kuingia Kiswahili inakuwa kosa, na kosa ni neno la aina nyingine. Ni neno la hukumu. Mwenye kosa anaomba msamaha, analipa faini, anaadhibiwa. Ni neno lilelile la kanisani na la kituo cha polisi. Hata kitenzi chenyewe, kukosa, kina pande mbili: kukosea, na kupungukiwa. Mama akiambiwa kwamba kuna kosa katika damu ya mtoto, anasikia mambo mawili kwa pamoja, kwamba kuna aliyekosea, na kwamba yeye ana upungufu.

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Mama yangu mdogo alikuwa na mtoto wa miezi kumi aliyevimba vidole vya mikono na miguu. Nilimsindikiza katika kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi. Munganga alieleza kwa Kifaransa, kwa upole na kwa usahihi. Muuguzi akatafsiri: "Mutoto iko na makosa mu damu." Mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kosa yangu ni gani?" Yule muuguzi hakuwa na nia mbaya. Alitumia neno ambalo lugha ilimpa. Lakini katika sentensi moja jibu la maabara lilikuwa limegeuka mashtaka, na kabla ya jioni mashtaka yalikwisha kufika kwa wakwe. Walisema amewaletea damu mubaya katika ukoo. Palizungumzwa habari ya kumrudisha kwao.

Karatasi ya maabara, iliyokuwa ndani ya mfuko wa mama huyo, ilisema kinyume kabisa. Mtoto wa SS hupokea S moja kutoka kwa mama na S nyingine kutoka kwa baba. Kwa kawaida haiwezekani awe SS kwa upande wa mama peke yake. Baba alipopimwa, alikuwa AS kama mkewe. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuugua, kwa sababu mwenye AS ana hemoglobini ya kawaida ya kutosha. Ukweli huo ungeweza kumaliza ugomvi siku ileile, kama ungesemwa kwa Kiswahili ambacho wakwe wangeweza kukisikia. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi tatu nne kwenye karatasi, basi.

Kuna jambo la pili lililosemwa katika ugomvi ule, na ni lile ninaloamini linastahili jibu zaidi ya yote: "Mutoto alizaliwaka muzima. Kisha bakamuloga." Watu wengi waliosoma wangecheka. Mimi naona kwamba aliyesema hivyo alikuwa ameangalia vizuri. Ni kweli mtoto wa SS huzaliwa akiwa mzima, ananyonya, ananenepa, na kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi kadhaa. Mtu mwenye macho lazima aulize: kama ugonjwa ulikuwa katika damu tangu tumboni, mbona haukuonekana siku ya kwanza?

Maabara ina jibu la swali hilo hasa. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini nyingine, ya utotoni, isiyokuwa na ule mnyororo wenye valini. Huzaliwa akiwa bado nayo kwa wingi, nayo humlinda. Katika miezi ya kwanza ya maisha mwili huifunga polepole jeni ya hemoglobini ya utotoni na kuanza kutumia ile ya ukubwani. Ulinzi ukipungua, ugonjwa hujitokeza. Kwa hiyo hakuna aliyekuja usiku katika mwezi wa sita. Kilichotokea katika mwezi wa sita ni kwamba hemoglobini ya kwanza ilikuwa imeondoka. Ukimpa bibi maelezo hayo kwa lugha yake, hukumdharau. Umechukua jambo aliloliona mwenyewe, ukamwonyesha sababu inayolingana nalo kuliko ile aliyokuwa nayo. Ukimwambia tu kwamba uchawi hakuna, hukumpa kitu, na swali lake linabaki palepale.

Nirudi kwenye kosa. Si kwamba neno hili linaumiza tu. Kwa habari ya SS, neno lenyewe si kweli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Kenya na Uganda, alionyesha kwamba watoto wenye AS wanastahimili malaria kali kuliko wenye AA. Ndiyo maana badiliko hili limeenea pale ambapo mbu wa malaria wameishi na watu kwa karne nyingi, Kongo ikiwa katikati. Mwenye SS hanufaiki. Kwake malaria ni hatari kubwa. Lakini wale wenye AS waliopona utotoni ndio waliokua, wakazaa, na leo tupo. Katika uchunguzi uliofanywa Kinshasa kwa watoto wachanga 31,204, na kuchapishwa mwaka 2009, karibu 17 katika kila 100 walikuwa AS, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 alikuwa SS. Kama AS ni kosa, basi ni kosa lililowavusha mababu wengi wa nchi hii. Mimi siwezi kuliita hivyo. Naliita badiliko.

Mtu ataniambia kwamba hili linafaa kwa SS, lakini saratani ni habari nyingine; huko badiliko halina faida kwa mgonjwa. Ni kweli halina. Ila saratani ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi maneno yanavyoweza kumtafuta mkosaji asiyekuwepo.

Siku hizi tunaambiwa, hata redioni, kwamba saratani ni ugonjwa wa jeni. Sentensi hiyo ni sahihi, na karibu kila anayeisikia anaielewa visivyo. Kwa sikio letu, ugonjwa wa jeni ni ugonjwa wa kurithi, na ugonjwa wa kurithi ni ugonjwa wa ukoo, na ukoo wenye ugonjwa hauozeshwi. Kumbe katika saratani nyingi badiliko halikutoka kwa baba wala kwa mama. Lilitokea katika seli moja ya mwili, ziwani, katika ini au katika utumbo, wakati mtu akiwa tayari anaishi, na likaongezewa mabadiliko mengine kwa miaka. Halimo katika mbegu zake za uzazi, kwa hiyo hatawapa watoto wake. Zipo saratani chache ambazo mtu huzaliwa tayari na badiliko la kumweka hatarini, nazo zinastahili kuelezwa kwa jina lake. Lakini Kiswahili chetu cha hospitali kinatumia jeni kwa mambo yote mawili, kikiacha msikilizaji ajaze mwenyewe. Na msikilizaji hujaza kwa kile anachokijua, yaani ukoo.

Chukueni mfano wa saratani iliyojulikana karibu yetu kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona watoto wengi wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Uvimbe ulifuata joto na mvua, karibu katika maeneo yaleyale ya malaria. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli hizo. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Ingekuwa rahisi kusimama hapo na kuandika: virusi vya Epstein-Barr husababisha saratani ya taya. Lakini karibu kila mtu mzima duniani amekwisha kupata virusi hivyo, na wachache mno ndio waliougua saratani hiyo. Utafiti uliendelea. Mwaka 1976 ilionekana kwamba katika seli za uvimbe kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye kromosomu ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana ni jeni gani iliyohama: ni MYC, jeni inayoihimiza seli igawanyike. Kwa kawaida jeni hiyo husema kidogo na kunyamaza. Baada ya kuhama ilijikuta jirani na jeni za kinga, ambazo katika seli za aina hiyo hazilali, na ikaanza kupiga kelele mchana na usiku. Virusi huzifanya seli hizo zidumu. Malaria inayorudi kila mara huzichochea zigawanyike na kuongeza nafasi ya jeni kuhama. Kuhama kwa MYC ndiko kunakoifungulia seli moja njia. Hapa hakuna mkosaji mmoja. Kuna mambo matatu yaliyokutana katika mwili wa mtoto.

Sasa tazameni kitenzi chetu, kusababisha. Kina kiambishi cha kutendesha, kama pikisha na lalisha. Kutendesha kunadai mtendeshaji. Tukisema X husababisha Y, sarufi yenyewe inamweka X kitini kama mwenye amri: akiwepo, jambo hutokea; lisipotokea, hakuwepo. Kwa sumu ya nyoka kitenzi hicho kinafaa. Kwa virusi vya Epstein-Barr hakifai. Tunavyo vitenzi vingine, huchangia, huandaa njia, huongeza nafasi, na wala si vitenzi vya woga. Ni vitenzi vya kweli.

Katika saratani ya mlango wa kizazi uchaguzi huo ni suala la heshima ya mwanamke. Harald zur Hausen alitambua katika uvimbe huo virusi vya HPV aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka 1984, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo hutengeneza protini mbili, E6 na E7, ambazo huwaondoa kazini walinzi wawili wa seli, p53 na Rb, wale wanaoizuia seli isigawanyike ovyo. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na kwa sababu hiyo mgonjwa husemwa vibaya. Lakini ni maambukizi ya kawaida mno. Wengi wanaoingia katika ndoa hukutana nayo, na mara nyingi mwili huyaondoa wenyewe bila mtu kujua. Mwanamke anaweza kuwa amemjua mume wake tu maishani, naye akaugua. Sentensi inayosema "saratani hii huletwa na zinaa" imechukua kazi ya maabara ikaifanya fimbo.

Najua pingamizi tatu, na nitazijibu.

La kwanza: haya ni mambo ya waganga, nasi wa lugha tukae na ushairi wetu. Lakini munganga amesoma kwa Kifaransa, anaandika kwa Kifaransa, na hatumlaumu. Uamuzi wa kumpa mtoto dawa, wa kuzaa tena, wa kumrudisha mke kwao, haufanywi kwa Kifaransa. Unafanywa jikoni na uani, kwa Kiswahili. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Na tuna ushahidi mdogo kwamba maneno husafiri na kubadilika kabisa: hapa kwetu munganga ni daktari wa hospitali, ukivuka ziwa kuingia Tanzania, mganga mara nyingi ni yule wa mizizi na matunguli, ambaye sisi tunamwita mufumu. Anayedhani tafsiri ya afya ni kufungua kamusi tu, na avuke ziwa.

La pili: maneno hayatibu. Kweli, hayatibu. Hidroksiurea ndiyo inayosaidia, na tunayo sababu ya kujivunia hapo. Jaribio la dawa hiyo kwa watoto zaidi ya 600 lilifanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, jina la kwanza katika orodha ya waandishi likiwa la Mkongo, Léon Tshilolo. Krizi zilipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Lakini dawa hiyo ni ya kila siku, hata siku ambazo mtoto anacheza mpira. Mzazi atampaje mtoto mzima dawa kila siku kama hajui inafanya nini? Inafanya jambo lilelile nililoeleza juu: inaamsha tena hemoglobini ya utotoni iliyolazwa. Mzazi aliyeelewa kwa nini mwanawe alizaliwa mzima, anaelewa pia kwa nini dawa inafaa. Maelezo ni yaleyale. Asiyeelewa la kwanza ataacha dawa siku mtoto akipata nafuu.

La tatu: Kiswahili kipi? Cha vitabu, au cha Lubumbashi, Bukavu na Kisangani? Mimi nasema tuandike selimundu na tuseme SS. Herufi hizo watu wamekwisha kuzipokea. Hazina haja ya kufukuzwa kwa jina la usafi wa lugha. Wengi katika miji yetu hawajawahi kushika mundu. Tena selimundu linaonyesha umbo la seli, haliambii mtu badiliko limetoka wapi. Kupungukiwa istilahi si tatizo letu kubwa. Tunazo jeni, seli, protini, virusi, kromosomu. Tunachopungukiwa ni sentensi.

Ndiyo maana pendekezo langu halihusu orodha nyingine ya istilahi. Wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada ya kazi yao ya mwisho wa masomo, wachague sentensi kumi ambazo waganga husema kila wiki kwa wagonjwa wa SS au wa saratani. Wazitafsiri pamoja na wauguzi. Kisha waende kwa akina mama, wazisome, na waulize swali moja tu: umesikia nini? Wasiulize "umeelewa?", kwa maana kila mtu mwenye adabu atajibu ndiyo. Jibu la "umesikia nini" ndilo litakaloonyesha kama badiliko limefika likiwa badiliko au limefika likiwa kosa.

Sentensi moja inayongoja kazi hiyo ni ile ya hesabu. Wazazi wawili wenye AS huambiwa kwamba mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa SS. Wengi husikia kwamba wakishampata huyo mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Nimewahi kutumia maharage. Baba ana mawili mkononi, jeupe na jekundu. Mama vilevile. Kila mmoja anafumba macho na kutoa moja. Mekundu mawili yakikutana, ni SS. Baada ya hapo maharage yanarudi mikononi, yote manne. Mimba inayofuata inaanza upya, haikumbuki iliyotangulia. Neno la kuokoa hapo ni kila: kila mimba, nafasi moja kati ya nne. Silabi mbili tu, nazo zinaweza kuwasaidia mume na mke waamue wakijua wanaamua nini.

Sisemi kwamba tuyapambe magonjwa kwa maneno matamu. SS inaua watoto, saratani inaua, na asiyesema hivyo anadanganya. Nasema tusiongeze juu ya maumivu hukumu ambayo maabara haikuitoa. Pauling na Ingram walitafuta wakakuta molekuli. Hawakukuta mama mwenye hatia. Ikiwa katika lugha yetu mama huyo anaonekana, sisi ndio tuliomweka hapo, na sisi tunaweza kumtoa.

Tunaweza kuanza na sentensi ile ya muuguzi. Badala ya kusema mtoto ana makosa katika damu, mtu anaweza kusema hivi, bila kutumia neno hata moja gumu: "Mtoto amepokea badiliko moja kwa baba na moja kwa mama. Ninyi wawili mlilipokea kwa wazee wenu, na lilipokuwa moja moja liliwasaidia kushinda malaria. Kwa mtoto yamekutana mawili, ndiyo maana anaumwa. Hakuna aliyefanya jambo baya. Sasa tuzungumze habari ya dawa."